Damu ya Newala na Milango Miwili ya Maabara

Anayesimama Shimo la Mungu, ukingoni mwa mji wa Newala, huliona bonde la Ruvuma limelala mbali chini ya miguu yake, na ng'ambo ya mto, Msumbiji. Mto anauona, kuufikia ni habari nyingine. Juu ya uwanda wa Makonde maji ya kutiririka hayapo. Udongo ni wa mchanga, unakunywa mvua yote inayonyesha na kuishusha chini kabisa, ije itokeze kwenye chemchemi za mabondeni. Kwa vizazi vingi wanawake wa Newala walishuka miteremko hiyo na vyombo vitupu, wakapanda na maji kichwani. Karl Weule, Mjerumani mtafiti wa mila aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, aliandika juu ya shida hiyo na juu ya watu waliokubali kuishi nayo. Sababu haikuwa siri. Masasi, mji wa chini wenye vilima vya mawe, ilivamiwa na Wangoni mwaka 1882, na misheni ya Waanglikana wa UMCA ikaonja uharibifu. Aliyepanda uwandani akajificha nyuma ya vichaka vizito alikuwa amechagua kiu kuliko mnyororo.

Maji yaliyopatikana kwa taabu namna hiyo hayamwagwi. Hutunzwa mtungini, ndani ya nyumba, penye kivuli, leo hadi kesho kutwa. Na yuko mbu mmoja mweusi mwenye madoa meupe miguuni, Aedes aegypti kwa jina la kitaalamu, ambaye haombi zaidi ya hayo: maji yaliyotulia, kivuli, na mtu wa kuuma hatua mbili kutoka pale alipoanguliwa.

Kati ya mwaka 1952 na 1953 homa ngeni ilipita katika vijiji vya uwanda huo. Ilianza ghafla. Mtu aliyeamka mzima, jioni hakuweza kusimama. Magoti na vifundo vilimuuma hata akatembea ameinama, homa ikapanda, vipele vikamtoka. Waliokufa walikuwa wachache mno, lakini maumivu ya viungo yaliwang'ang'ania wengine kwa miezi. Wenyeji waliupa ugonjwa huo jina linalotokana na kitenzi cha lugha yao chenye maana ya kujikunja: chikungunya. Vitabu vingi vilivyoandikwa mbali na Newala husema hilo ni neno la Kiswahili. Si kweli. Mswahili angeanza na ki-. Ile chi- ya mwanzo ni sahihi ya Mmakonde juu ya jina lake.

Walioipeleka habari hiyo kwenye majarida ya tiba walikuwa watatu. Marion Robinson, daktari, alieleza dalili za wagonjwa. W.H.R. Lumsden, mtafiti kutoka Entebbe, alieleza jinsi ugonjwa ulivyosambaa. Makala zao zilitoka pamoja mwaka 1955. Wa tatu, R.W. Ross, alichapisha mwaka 1956 maelezo ya kirusi chenyewe. Kati yao Lumsden ndiye aliyechungulia mitungi. Alikuta mbu wa Aedes aegypti wakizaliana katika maji ya kunywa ndani ya nyumba, na akayaunganisha maradhi na ukame wa uwanda. Ni ugunduzi ambao hadi leo unasomeka kama habari ya jikoni kuliko ya hospitali.

Hapa msomaji wa pwani anaweza kuuliza: mbona ugonjwa wa namna hii ulikuwa ukitajwa Zanzibar zamani? Ulitajwa, tena kwa Kiswahili. Mwaka 1870 James Christie, daktari Mskoti aliyekuwa Unguja, alishuhudia homa ya kuvunja viungo ambayo wenyeji waliiita kidinga pepo, na wazee walimwambia kwamba waliiona hapo nyuma, karibu mwaka 1823. Wanahistoria wengi wa lugha wanaamini neno dengue limetoka humo. Kichekesho ni kwamba mwaka 1971 mtafiti Donald Carey alirudia maelezo ya kale na kudai kuwa magonjwa kadhaa yaliyoitwa dengue huenda yalikuwa chikungunya. Yaani, kama ni hivyo, Kiswahili kiliupa ulimwengu jina la ugonjwa mmoja kwa kuangalia mwingine, na jina la wa pili, lililo la Kimakonde, kikapewa bure.

Damu ya wagonjwa wa Newala ilisafiri hadi Entebbe, kando ya Ziwa Victoria. Huko Rockefeller Foundation ya Marekani ilikuwa imejenga mwaka 1936 taasisi ya kuchunguza homa ya manjano, na kufikia 1950 taasisi hiyo ilikuwa mikononi mwa serikali za Afrika Mashariki, ikichunguza virusi vya kila namna. Sifa yake haikuwa ndogo. Virusi vya West Nile vilitambuliwa na watu wake mwaka 1937, vya Zika mwaka 1947.

Kazi ya Ross ilikuwa ya mikono. Majimaji ya damu yalidungwa katika ubongo wa panya wachanga. Panya wakiugua, ubongo ulitolewa, ukasagwa, ukachanganywa na maji ya chumvi, ukachujwa, kisha ukadungwa kwa panya wengine, mara nyingi kwa kurudia. Kila hatua ina mlango wa hatari: sindano huteleza, panya hung'ata, na kinu hurusha hewani matone madogo yasiyoonekana. Katika maabara nyingi za dunia wakati huo kimiminika kilivutwa kwa mdomo kupitia bomba la kioo liitwalo pipeti, kama mtu anyonyaye soda kwa mrija, akijitahidi kuacha kabla hakijamfika ulimini. Makabati ya kisasa yanayovuta hewa na kuichuja yalianza kuenea miaka ya 1960. Mwaka 1953 kilichosimama kati ya mtafiti na kirusi kilikuwa koti jeupe, uzoefu na bahati.

Entebbe haikuwa na ugeni wa bahati mbaya. Mwaka 1949 Smithburn, Mahaffy, Haddow na wenzao wa taasisi hiyo walichapisha makala yenye kichwa kisichoficha kitu: maambukizi ya ajali ya homa ya Bonde la Ufa miongoni mwa wafanyakazi wa maabara. Homa hiyo ilikuwa imetambuliwa Kenya miaka ya mwanzo ya 1930 kwa kondoo wa eneo la Naivasha, na tangu siku za kwanza ilikuwa imewaangusha hata waliokuwa wakiichunguza. Na kabla yake homa ya manjano ilikuwa imechukua watafiti wakubwa mmoja baada ya mwingine: Adrian Stokes mwaka 1927 baada ya kuambukizwa Lagos, Hideyo Noguchi huko Accra mwaka 1928, na mwenzake William Young siku chache tu baadaye. Chanjo ya 17D, iliyotengenezwa mwaka 1937 katika maabara za Rockefeller huko New York, ilikuja kuwakinga mamilioni, lakini wa kwanza kuisubiri kwa hamu walikuwa wenye makoti meupe.

Kwa chikungunya hakukuwa na chanjo.

Kulikuwa pia na watu ambao majina yao hayakupanda kwenye vichwa vya makala. Katika misitu ya Uganda watafiti wa Entebbe waliwinda mbu kwa kuwaketisha Waafrika, wakiwemo vijana, kwenye majukwaa mitini, saa baada ya saa, mchana na usiku, wawe chambo. Mbu alipotua juu ya ngozi alinaswa kabla hajauma, au ndivyo ilivyokusudiwa. Leo kazi kama hiyo isingepita mbele ya kamati yoyote ya chuo kikuu bila maswali marefu. Wakati ule iliitwa ukusanyaji wa sampuli.

Wakati damu ya Newala ikishughulikiwa Entebbe, dunia ilikuwa ndiyo kwanza imeanza kuhesabu. Mwaka 1951 Wamarekani wawili, Sulkin na Pike, walichapisha matokeo ya kuziandikia maabara elfu kadhaa wakiuliza nani ameugua kutokana na kazi yake. Walipata visa 1,342. Pike aliendelea kuhesabu, na kufikia 1976 orodha ilikuwa na visa 3,921. Jambo lililowashtua wengi si wingi wa visa. Ni kwamba chini ya moja ya tano ya waliougua waliweza kukumbuka ajali yoyote, yaani chupa iliyovunjika, sindano iliyochoma au mnyama aliyeuma. Waliobaki walikuwa wamefanya kazi siku ya kawaida, wakaugua. Hapo ndipo wengi walipoanza kuiogopa hewa ya maabara.

Virusi vya Newala, kwa upande wao, vilikuwa vimeshapanda meli na ndege. Watafiti walihitaji kuvilinganisha na vya kwingine, na njia ilikuwa kutumiana chupa. Mwaka 1959 Spence na Thomas, watafiti wa Trinidad katika visiwa vya Karibi, walichapisha uchunguzi wa virusi vya chikungunya na vya aina nyingine kutoka huku vilivyobatizwa jina la Makonde. Mwaka huohuo homa ya o'nyong-nyong ililipuka kaskazini mwa Uganda, ikaambukiza watu wapatao milioni 2 na kushuka hadi Tanganyika. Entebbe iliitambua kuwa ndugu wa karibu wa chikungunya kwa sababu yule ndugu wa kwanza alikuwa tayari amehifadhiwa kwenye barafu. Aina mbili za mwanzo, Ross na S27, zote zenye asili ya Tanganyika mwaka 1953, zikawa vipimo vya kulinganishia katika maabara za vyuo vikuu ambazo wakazi wa uwandani, huko Mahuta au Kitangari, hawakupata kuzisikia.

Kituo kikubwa cha mkusanyiko huo kilikuwa New York, kwenye maabara za virusi za Rockefeller. Katikati ya miaka ya 1960 maabara hizo zilihamia Chuo Kikuu cha Yale, na chuo kikajikuta kinalea virusi vya mbu na kupe vya dunia nzima, chikungunya ikiwemo. Bingwa wa kuvipanga kiukoo alikuwa Jordi Casals, mzaliwa wa Catalonia. Kisa kilichompata ndicho kilichobadilisha fikra za wengi kuhusu chuo kikuu kufuga vitu vya namna hii.

Miaka miwili kabla ya kisa hicho dunia ilikuwa imeshaonywa. Mwaka 1967 tumbili walioletwa Ulaya kutoka Uganda kwa kazi za kutengeneza chanjo waliambukiza wafanyakazi huko Marburg na Frankfurt, Ujerumani, na Belgrade, Yugoslavia. Watu 31 waliugua, 7 wakafa, na mji mtulivu wa chuo wa Marburg ukabaki na jina la kirusi milele. Kisha, mapema mwaka 1969, wauguzi wamisionari waliugua nchini Nigeria homa isiyojulikana, na sampuli zao zikapelekwa Yale. Casals alianza kuzishughulikia. Mwezi Juni akaugua mwenyewe, vibaya, na akaokolewa kwa majimaji ya damu ya muuguzi mmoja aliyekuwa amepona homa hiyohiyo. Kirusi kikaitwa Lassa. Mwishoni mwa mwaka, fundi mmoja wa maabara hapo chuoni, ambaye hakuwa hata akifanya kazi na kirusi hicho, aliugua akiwa likizoni na kufa. Namna alivyokipata haikuthibitishwa. Yale ikaacha kufanya kazi na Lassa hai, ikakabidhi kwa serikali huko Atlanta.

Swali ambalo chuo kikuu kilibaki nalo ni gumu kuliko la kiwanda au jeshi. Kiwanda kina mlango mmoja na mlinzi. Chuo kina wanafunzi wanaoingia na kutoka, wageni wa miezi 6, wafagiaji wa jioni, mafundi wa umeme, na profesa ambaye kwa desturi hapendi kuulizwa anafanya nini katika chumba chake. Uhuru huo ndio uhai wa chuo. Kuuwekea mipaka bila kuuua kulichukua miaka.

Mipaka ilikuja kwa mafungu. Mwaka huohuo wa 1969 serikali ya Marekani ilitoa mpangilio wa vimelea kwa madaraja ya hatari. Februari 1975 wanabiolojia walikutana Asilomar, California, kujadili hofu ya kuchanganya vinasaba, na mwaka uliofuata taasisi za afya za nchi hiyo zikatoa kanuni zilizovilazimisha vyuo vinavyopokea fedha zake kuwa na kamati za usalama wa kibayolojia. Shirika la Afya Duniani likatoa mwongozo wake wa kwanza wa usalama wa maabara mwaka 1983. Toleo la nne lilitoka mwaka 2020. Msamiati uliozoeleka maabarani ukawa wa ngazi 4, ya kwanza ikiwa ya darasa la kawaida, ya nne ya mavazi kama ya mwanaanga.

Kirusi cha Newala kimewekwa ngazi ya 3. Anayekwenda kukichunguza hupita mlango, husubiri ufungike nyuma yake, ndipo hufungua wa pili. Hewa ya chumba huvutwa kwa ndani ili mlango ukifunguliwa upepo uingie, usitoke, na inapotolewa nje hupita kwenye chujio linalonasa chembe ndogo mno. Kirusi chenyewe hakifunguliwi juu ya meza wazi. Hushughulikiwa ndani ya kabati lenye mkondo wa hewa. Glavu huvaliwa jozi mbili. Taka huchemshwa kwa mvuke wenye shinikizo kabla hazijatoka chumbani. Pipeti ya mdomo imepigwa marufuku kila mahali. Mahali pake pana kifaa cha kubonyeza kwa dole gumba. Sababu ya ukali wote huo kwa ugonjwa usioua wengi ni kwamba damu ya mgonjwa wa chikungunya hubeba virusi kwa wingi wa ajabu, na wafanyakazi wa maabara wamekwisha kuugua kwa ajali. Kisa kimoja kiliandikwa katika jarida la tiba la India mwaka 1965. Wapo ndugu walioruhusiwa kushuka daraja: aina iitwayo 181/25, iliyodhoofishwa na jeshi la Marekani kutokana na kirusi cha mgonjwa wa Thailand cha mwaka 1962, hushughulikiwa ngazi ya 2.

Isitoshe, jina la Kimakonde limo kwenye orodha ya kundi la mataifa liitwalo Australia Group, lililoanzishwa mwaka 1985 kudhibiti biashara ya vitu vinavyoweza kugeuzwa silaha. Chupa ambayo miaka ya 1950 ilikwenda kwa posta ya kirafiki kati ya wataalamu, leo inahitaji vibali vya nchi mbili.

Lakini ukuta hausemi ukweli wote. Agosti 1994, Yale tena, mtafiti mgeni alikuwa akizungusha kwa kasi kirusi cha Sabiá, kinachotoka Brazil, katika mashine ya kutenganisha sampuli. Chupa ilipasuka, ikavuja. Maabara ilikuwa ya ngazi ya 3, vifaa vilikuwepo, naye akasafisha kwa dawa kama alivyofundishwa. Jambo moja hakulifanya: hakumwambia mtu. Akasafiri hadi Boston, akarudi, akaugua, na ndipo siku zilipokuwa zimeshapita akatoa habari. Alipona kwa dawa, na waliokutana naye wakawekwa chini ya uangalizi. Mazungumzo yaliyofuata chuoni hayakuhusu saruji wala vichujio. Yalihusu ukimya: kwa nini mtu mwenye akili timamu aone aibu kuripoti chupa iliyopasuka. Kwa mtazamo wa mwandishi wa makala haya, kisa hicho kina mafunzo kuliko kurasa nyingi za miongozo, kwa sababu vyombo vyote vilifanya kazi na kinga ikavunjwa na mtu kuogopa kukaripiwa.

Miaka 10 baadaye chikungunya ilirudi nyumbani pwani. Mwaka 2004 Lamu ilikuwa na ukame. Visima vilipungua, watu wakajaza mapipa na mitungi, na mbu wa Lumsden akajaza mapipa hayohayo. Uchunguzi wa damu baadaye ulionyesha kuwa takriban asilimia 75 ya wakazi walikuwa wameambukizwa, sawa na watu 13,500. Aliyesoma makala ya 1955 asingeshangaa. Homa ikaruka Mombasa, ikashuka Komoro mwaka 2005, kisha Réunion, ambako watu wapatao 266,000 waliugua hadi 2006, na kuendelea India.

Mlipuko huo uligeuza kirusi kilichosahauliwa kuwa mgombaniwa wa vyuo vikuu. Maabara zilizokuwa na Ross na S27 kwenye majokofu zilikuwa na kitu ambacho kila mtu alikihitaji: kipimo cha zamani cha kulinganishia. Chuo Kikuu cha Nagasaki, Japani, kilikuwa kimetangulia. Mwaka 2002 watafiti wake walichapisha mpangilio kamili wa vinasaba vya S27, herufi 11,826. Kwa kuulinganisha na virusi vya Réunion ilionekana kuwa badiliko dogo la herufi katika sehemu ya ganda, lililopewa alama A226V, lilikirahisishia kirusi kukaa ndani ya mbu mwingine, Aedes albopictus. Watafiti wa chuo kikuu cha Galveston, Texas, walithibitisha mwaka 2007 kwa kulitengeneza badiliko hilo maabarani na kuwalisha mbu. Kazi ya namna hiyo, ya kukiongezea kirusi uwezo wa kukaa ndani ya mdudu aliye hai, ndiyo inayozikosesha usingizi kamati za usalama. Mbu hana glavu. Chumba chake huwa na vizuizi juu ya vizuizi, mitego mlangoni, kuta nyeupe ili mbu aliyetoroka aonekane, na hesabu ya mbu mmoja mmoja mwanzo na mwisho wa siku.

Afrika Mashariki ilikuwa wapi? Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, taasisi ya Entebbe ilibaki Uganda na kuwa ya taifa hilo. Tanzania, ambayo damu ya watu wake ilikuwa imeijengea sehemu ya jina, ilianza karibu upya na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Miaka mingi sampuli za homa zisizoeleweka zilisafirishwa nje. Hali imebadilika. Maabara ya ngazi ya 3 imejengwa hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine huko Morogoro kimejipatia jina katika magonjwa yanayovuka kati ya wanyama na watu. Dengue ilipolipuka Dar es Salaam mwaka 2019 na kupita wagonjwa 6,000, upimaji ulifanyika nchini.

Nayo hekima ya kila siku ya maabara zisizo na fedha nyingi si ya milango miwili. Ni ya kukiua kirusi mapema. Damu ikishatiwa kemikali inayovunja ganda la kirusi, vinasaba hubaki vya kusomwa na hatari huondoka, na kazi iliyobaki hufanywa kwenye chumba cha kawaida. Mwanafunzi wa uzamili huhitaji kujua ni wakati gani hasa sampuli yake imekufa, na aandike kwenye daftari nani aliiua na saa ngapi. Daftari hilo ni rahisi kuliko kichujio chochote, na jenereta ikizimika lenyewe halizimiki.

Kuna deni lingine. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, inataka nchi inayotoa rasilimali za kibayolojia iombwe ruhusa na ipate mgao wa faida. Kama ingekuwepo 1953, safari ya damu ya Newala ingekuwa na mkataba. Haikuwepo. Chanjo za kwanza za chikungunya ziliidhinishwa Marekani mwishoni mwa 2023 na mapema 2025, moja ikitokana na kirusi cha Réunion, nyingine ikiigiza ganda la kirusi cha Senegal, na utaalamu wote uliotangulia ulianzia kwenye sindano zilizochomwa mikono ya wakulima wa mihogo wa kusini mwa Tanganyika.

Uwandani maji yamebadilika kiasi. Miaka ya 1950, karibu na siku za homa ile, liliundwa shirika la kuvuta maji ya mabondeni kwa mashine hadi juu, na kuanzia miaka ya 1970 Finland iligharimia miradi mikubwa ya maji Mtwara na Lindi. Bomba linapokauka, Newala hurudi kwenye akiba: mtungi umekuwa dumu, dumu limekuwa pipa la plastiki, pipa limekuwa simtanki. Aedes aegypti havibagui. Kifuniko kinachobana, au kitambaa kilichofungwa kamba mdomoni mwa pipa, humzuia kama alivyozuilika zama za Lumsden.

Chupa za S27 ziko kwenye majokofu ya vyuo vya mabara kadhaa, nyuzi 80 chini ya sifuri, nyuma ya milango miwili. Lebo hutaja Tanganyika, 1953, na pengine jina la Ross. Mgonjwa hatajwi, na kwa desturi ya tiba hapaswi kutajwa. Lugha yake haina haja ya kufichwa: wanaohariri vitabu vya tiba, kamusi na vipeperushi vya wizara wafute neno Kiswahili mbele ya chikungunya, waandike Kimakonde.